Samaki Wenye Chapa

Mtu wa pwani akikuambia alivua samaki Garissa kwa miaka kumi na tisa, usimcheke. Mimi nimechekwa vya kutosha. Hata majirani zangu wa Kisomali, watu tuliolishana na kuzikana, walikuwa wakinikuta pale kwenye mawe ya pampu wanaziba pua: "Bajuni anakula nyoka wake." Nami nawajibu, "Nyinyi tafuneni ngamia mpaka meno yaishe, mniache na nyoka wangu." Ndivyo tulivyopendana, na mgeni angedhani tunagombana.

Jina langu ni Shee, ila Garissa nzima hakuna aliyelijua. Nilikuwa Bajuni, mtunza pampu, basi. Pampu yenyewe ilikuwa ukingoni mwa mto Tana, chini kidogo ya daraja, ikivuta maji ya mji. Mbele yake palikuwa na gati la mawe: mawe makubwa yaliyoletwa kwa malori na kumwagwa mpaka yakaingia mtoni hatua kama arobaini, ili mkondo usije ukang'oa mabomba. Mimi kwetu visiwani nilikulia juu ya gati kama hilo, la mawe ya baharini, nikajua kutupa mshipi kabla sijajua kuvaa suruali. Kwa hiyo mtu asije akanifundisha mawe wala mshipi. Siku nilipoliona lile gati la Tana moyo ulitulia, nikasema hapa nitakaa.

Mwaka wa tisini na saba ikaja ile mvua ya El Nino. Mto uliacha njia yake ukaenda kutembea nyikani. Barabara ya Nairobi ikakatika, malori ya Wajir yakazama kwenye tope huko Modogashe, sukari ikawa dawa. Mbuzi na ng'ombe walikufa kwa maji, waliobaki wakafa kwa homa, na homa ikahamia kwa watu. Serikali ikapiga marufuku kuchinja. Hebu fikiria, mji mzima wa wala nyama, na nyama hakuna! Hapo Bajuni akawa mtu. Wale wale wa kuziba pua wakaanza kunijia wameficha mfuko chini ya shuka: "Si yangu, Bajuni, ni ya mgonjwa." Wallahi sijapata kuona mji wenye wagonjwa wengi wanaopenda kichwa cha kambare.

Saynab hakujificha. Alikuja asubuhi kweupe, maji yalipokuwa yameanza kupungua. Alikuwa mama mrefu wa makamo, mjane kutoka upande wa Balambala, mwenye ulimi usiopumzika. Alikuwa na ngamia kumi na mmoja na mtoto mmoja tu, Salah, kijana wa miaka kumi na tisa. Mafuriko yalipokuja, Salah alikuwa bondeni na wale ngamia. Hakurudi ngamia hata mmoja, wala hakurudi mtoto. Mimi Salah nilimjua, kwa sababu alikuwa akileta ngamia kunywa maji karibu na kituo chetu, naye hakunipita bila kunitania.

"Abowe," Saynab akaniita, yaani kaka kwa lugha yao. "Nifundishe hiyo kamba."

"Kamba ya nini, Mama Salah? Ukitaka samaki nitakupa. Huyu hapa, mchukue."

"Habana. Samaki sitaki. Nataka mtoto yangu."

Nikamtazama. Akaniambia watu wa darajani wamemwambia kwamba maiti hukwama kwenye mawe, na kwamba ndoana inaweza kunasa nguo. Miezi mitatu alikuwa amekaa kwenye kibanda cha karatasi ya nailoni akingoja mto umrudishie mtoto, na mto haukurudisha. Sasa anamfuata mwenyewe. "Nataka kuzika yeye," akasema. "Hata mfupa moja, Abowe. Nitazika hiyo moja."

Nikamfundisha. Nilimfungia mshipi kwenye kibao, nikamwonyesha jinsi ya kutupa risasi ya kuzamisha ndoana iende mbali, kisha alaze uzi juu ya kidole na kusikiliza. Jiwe hugonga, samaki hutetemesha, na nguo huja nzitonzito haina papara. Alijifunza haraka kuliko mwanamume yeyote niliyewahi kumfundisha, kisha akanigeukia akaniambia kumbe kazi yangu ya miaka yote ni kazi ya siku mbili. Kila siku alikuja, akakaa kwenye ncha ya gati tangu asubuhi mpaka alasiri, vidole vimechanwa na uzi. Samaki walipokamata alikasirika. Aliwatupa nyuma bila kuwatazama, na Elkanah akawaokota akicheka. Elkanah alikuwa mwenzangu wa zamu, kijana wa Umaragoli, na shida yake kubwa duniani ilikuwa tumbo.

Ikapita Idi, ikaja Februari. Siku moja Saynab alikuwa anafunga ndoana mpya, akauma uzi uliolowa ili aukate, akabaki hivyo hivyo amefumba mdomo.

"Chumvi," akasema.

"Chumvi ya wapi? Huu ni mto, mama, si bahari. Ungekuwa bahari mimi ningekuwa kwetu."

"Onja."

Nikachota kwa kiganja pale pale kwenye ncha ya gati, nikaonja. Nikatema. Ilikuwa chumvi kweli. Tena si ya bahari, maana hiyo naijua kama mate yangu. Hii ilikuwa chungu, nzito, inayobaki kwenye fizi. Nikarudi nyuma hatua tatu, nikaonja tena: maji matamu, ya tope tu. Nikakimbia hadi kwenye pampu, nikaonja: matamu. Nikarudi kwenye ncha: chumvi. Nilisimama pale kwenye jua la saa nne, kiganja bado kimelowa.

Saynab yeye hakushangaa sana. Akasema kuna visima huko Wajir vyenye maji kama hayo hayo, na watu hutembeza ngamia siku nyingi wakanywe, maana mnyama bila chumvi hanenepi. "Mnyama akisikia chumvi anakuja," akasema. Akatupa mshipi.

Haikupita dakika tano, ukavutwa. Alitoka kambare wa urefu wa mkono, mnene, mweusi, wala hakupigana. Alikuja kama anayeongozwa. Elkanah akafika na kisu. Nikamshika yule samaki chini ya kichwa nimtoe ndoana, nikaona shavu lake la kushoto. Palikuwa na kovu. Duara, na ndani ya duara mistari miwili imelala upande. Kovu la moto, la zamani, limepona vizuri. Mtu hawezi kulidhania jeraha la jiwe.

"Ni kidonda tu hicho, mzee," Elkanah akasema. "Kwenye mafuta ya moto hakitaonekana."

Saynab akamshika mkono wenye kisu. "Wacha! Hii ni chapa."

"Chapa? Ya samaki?"

"Iko na mwenyewe."

Mama yule alijua chapa za mifugo za koo zote kuanzia Balambala mpaka Wajir, na nyingine mpaka Banissa. Ukimchorea mchangani, anakuambia ya nani, na babu yake nani. Hii hakuijua. Aliitazama muda mrefu, akaipapasa kwa kidole gumba, akatikisa kichwa. Siku ile walitoka watano, wote wana chapa hiyo hiyo, shavu hilo hilo. Kesho yake wakatoka saba.

Hapa lazima niwaeleze, maana bila hili hamtaelewa. Wafugaji wa kule wana sheria ya mnyama aliyepotea, wanamwita baadi. Ukimkuta baadi kwenye mifugo yako, humchinji, humuuzi. Unamchunga na kumnywesha pamoja na wako, na kila unapofika kisimani au mnadani unatangaza. Akija mtu akaitaja chapa bila kumtazama mnyama, unampa, na hudai kitu. Na baadi asiye na chapa, ukitangaza msimu mzima mwenyewe asitokee, unatia chapa yako, ni wako. Nimeona watu wenye njaa ya kufa wakimlisha mbuzi wa mtu wasiyemjua. Kwa hilo nawavulia kofia.

Lakini samaki! Nilipomwona Saynab anapanga mawe kwenye maji ya kina kifupi ubavuni mwa gati, anajenga zizi, anawatia kambare mle ndani mmoja mmoja, damu ilinichemka. "Mama Salah, watu wanakufa njaa. Wewe mwenyewe umebaki mifupa. Huyu ni samaki, hana baba, hana mama, hana ukoo. Chapa yake mpelekee Mungu, sisi tule!"

Akanijibu kwa Kisomali, nami lugha yao naijua, miaka kumi na tisa si mchezo. "Mimi pia nina baadi aliyepotelea huko," akasema, akauonyesha mto kwa kidevu. "Nikiwatunza wa mwenzangu aliye huko, naye atanitunzia wangu. Nikiwala, nitamdai kwa uso gani?"

Nikaweka mshipi wangu chini. Kisha nikavua viatu nikamsaidia kubeba mawe. Elkanah alitutazama akasema sisi wote wawili homa imetupanda kichwani.

Kambare walipofika kumi na wanne hawakutoka tena. Saynab akaoga, akavaa baibui safi, akasimama kwenye ncha ya gati akatangaza. Alikusanya viganja mdomoni akapaza sauti juu ya maji, kama wanavyopaza visimani: Nina baadi, kumi na wanne, mwenye mali aje ataje chapa. Mara tatu. Watoto wa ng'ambo walimcheka, wanaume waliokuwa wakioga wakapiga miluzi. Mimi niliingia ndani ya nyumba ya pampu nikajifanya nakaza nati, kwa aibu. Siku ya pili akatangaza tena. Siku ya tatu tena, na adhana ya adhuhuri ilipomalizika, mtu akaja.

Nilikuwa nimekaa kwenye jiwe la kwanza kabisa la gati, upande wa nchi kavu, nasuka uzi. Hakuna mtu aliyenipita. Nasema tena ili nisirudishwe nyuma na maswali: hakuna mtu aliyenipita. Nilipoinua macho, yule mtu alikuwa anakuja kutoka upande wa ncha, anatembea juu ya mawe kuelekea kwa Saynab. Alikuwa mwembamba, wa makamo, amevaa kikoi cheupe, fimbo ameilaza mabegani na mikono miwili ameining'iniza juu yake kama wachungaji wote. Nguo zake kavu. Msiniulize miguu yake, watu hupenda sana kuniuliza miguu. Ilikuwa miguu. Kilichonishika mimi ni nzi. Baada ya mafuriko nzi walikuwa hawahesabiki, wanakuingia mpaka mdomoni ukisema. Kwake hakutua hata mmoja, na nilipotazama vizuri nikaona wa kwangu nao wameondoka.

Hakutoa salamu ya dini. Alisema, "Amani?"

"Amani," Saynab akajibu.

Akasimama, zizi likawa nyuma yake. "Nimekuja kwa baadi wangu. Shavu la kushoto. Duara. Mistari miwili ndani."

"Mistari imesimama au imelala?" Saynab akamuuliza, maana ndivyo sheria inavyotaka, usimwamini mtu kwa swali moja.

"Imelala."

Saynab akainama akaondoa mawe ya mlango wa zizi. Wale kambare walitoka kwa mstari, mmoja nyuma ya mwenziwe, bila haraka, wakapita ubavuni mwa gati kuelekea kwenye ncha. Yule mtu hakuwahesabu. Akamuuliza Saynab anataka nini kwa kazi yake.

"Sitaki kitu," Saynab akasema. "Ila nami nimepotelewa. Kijana. Mrefu, anatumia mkono wa kushoto, jino moja la mbele limekatika. Anaitwa Salah. Kama amekuja upande wako, mfungulie njia."

Yule mtu alifikiri. Alifikiri kweli, kama anayepitisha mifugo yake kichwani mmoja mmoja. Kisha akasema, "Atakuja kwenye chumvi."

Akageuka, akatembea mpaka kwenye ncha, na ncha ilipokwisha hakusimama. Maji hayakuruka wala kutoa sauti. Nzi wakarudi. Elkanah alikuwa mlangoni mwa nyumba ya pampu, ameona yote. Jioni hiyo alifunga mizigo yake akaenda mjini kuomba kazi nyingine, hata sufuria lake aliliacha.

Mimi je? Mnataka kujua kwa nini sikukimbia. Nilimpenda yule mama. Basi, nimesema. Mzee wa miaka hamsini na sita, wala sikumwambia.

Siku mbili baadaye nilifika asubuhi nikamkuta Saynab amesimama katikati ya gati, kibao cha mshipi kimemtoka mkononi na uzi unajifungua wenyewe majini. Kwenye ncha palikuwa na kijana amechutama, amenipa mgongo, kichwa ameinamisha. Alikuwa analamba jiwe.

"Salah!" Saynab akaita.

Akageuka. Alikuwa Salah, na lile jino. Mama mtu aliruka mawe kama msichana, akamwangukia, akamshika kichwa, akamfunika shuka yake, akaanza kumpapasa mikono, mbavu, magoti, huku analia na kumgombeza kwa pamoja: umekonda, nywele gani hizi, ulikuwa wapi, nani alikupa chakula. Mimi machozi yalinitoka. Nilikuwa nimejiandaa kumsaidia kuzika mifupa, na sasa mtu ni mzima, anapumua.

Lakini kijana hakusema kitu. Alikubali kushikwa, akatulia tu. Saynab akamuuliza, "Mimi ni nani? Niite." Kijana akamtazama kama ngamia anavyomtazama mtu yeyote aliyebeba ndoo. Hana chuki, hana habari. Akajitoa polepole mikononi mwa mamake, akainama tena kulamba jiwe. Nikamshika mkono ili tumpeleke nchi kavu. Ngozi yake ilikuwa baridi katika jua lile. Alitufuata vizuri, hatua moja, mbili, mpaka katikati ya gati, kisha akasimama, mwili mzima ukaanza kumtetemeka, akageuka akarudi mbio kwenye ncha. Tulijaribu mara nne. Mara ya nne nikamkumbatia kiunoni nimbebe kwa nguvu. Mimi nimebeba magunia ya saruji maishani mwangu. Sikuweza kumwinua hata kidole kimoja cha mguu.

Ndipo shuka ikamteleza usoni, tukaiona. Shavu la kushoto. Duara, na mistari miwili imelala. Imepona vizuri.

"Nenda mlete sheikh," nikamwambia Saynab. "La, nitakwenda mimi. Na polisi, na daktari, na kamba. Tutamvuta na lori ikibidi!"

"Ana chapa ya mtu," akasema, taratibu, kama anayesoma.

"Chapa gani! Huyu ni mwanao! Umemzaa kwa tumbo lako, usiniletee sheria za mbuzi hapa!" Nilimpigia kelele, na mpaka leo najuta, kwa sababu sikupata nafasi ya kumwomba radhi. Alikaa karibu na mwanawe, akafungua chupa ya maziwa, akamtia mdomoni. Maziwa yakamtoka pembeni ya midomo. Yeye akawa anamfuta, anamtia tena, anamfuta.

Adhana ya adhuhuri ilipomalizika, nzi wakaondoka.

Alikuja vile vile, fimbo mabegani. "Amani?"

Saynab hakujibu amani. Aliinuka akasimama mbele ya Salah.

"Nimekuja kwa baadi wangu," akasema yule mtu. "Shavu la kushoto. Duara. Mistari miwili, imelala."

"Huyu si mnyama. Nimemzaa mimi."

"Alikuwa na chapa yako?"

"Mtu hatiwi chapa."

"Kwenu," akasema, wala hakusema kwa dharau. "Alinijia na mafuriko, hana chapa. Nilimnywesha pamoja na wangu. Nikatangaza msimu mzima, hakuja mtu. Nikatia yangu. Wewe ni mfugaji, niambie nilikosea wapi."

Nikangoja Saynab amtukane. Nikangoja aokote jiwe. Mimi mwenyewe nilipiga kelele, "Mwongo! Ulitangaza wapi? Nani alikusikia?" lakini nilisema nikiwa nimerudi nyuma, nimeshika mlango wa nyumba ya pampu, na yule mtu hata hakugeuka. Saynab alikuwa ameweka kiganja juu ya shavu la mwanawe, ameifunika ile chapa. Angeweza kusema uongo. Angeweza kusema mistari haikulala. Alikaa hivyo muda ambao mimi niliuona mrefu kuliko ile miezi mitatu, kisha akaondoa kiganja.

"Hukukosea," akasema. "Lakini sheria inaruhusu kubadilishana. Mnyama kwa mnyama, wenyewe wakikubaliana."

"Inaruhusu. Una mnyama gani?"

"Jike. Amezaa. Hana chapa ya mtu yeyote." Akageuza uso, akampa shavu la kushoto.

Yule mtu akamtazama vizuri, akainama kidogo aone mpaka chini ya sikio. "Jike aliyezaa anazidi dume changa," akasema. "Utapunjika."

"Mifugo naijua. Kubali."

"Nimekubali."

Hapo ndipo nilipokimbia, ila safari hii nilikimbia kwenda mbele. Nikamfikia, nikamshika mkono kwa mikono yangu miwili, nikamwambia Saynab usiende, Saynab nitakuoa, nitawalisha wote wawili, usiende. Akatabasamu. Aliniondoa vidole kimoja kimoja, bila hasira, akavitia kwenye mkono wa Salah. "Abowe," akaniambia kwa Kiswahili chake, "ukishika yeye, usiachie."

Yule mtu alitoa chuma kwapani. Sikukiona awali. Hapakuwa na moto popote, lakini alipokichovya majini, maji yalichemka. Saynab alifunga macho. Nikasikia ngozi ikiungua, nikasikia harufu yake, na mama yule hakutoa hata mguno. Kisha yule mtu akalowanisha kidole gumba kwa mate, akapangusa shavu la Salah, na chapa ikatoka kama masizi.

Mkono niliokuwa nimeushika ukapata joto. Kijana akashtuka, akavuta pumzi kama aliyeibuka kutoka majini, akatazama mawe, akanitazama mimi, akamwona mamake.

"Hooyo!" akaita. Mama. "Hooyo, maji yanakuja! Toka hapo! Hooyo!"

Saynab akageuka aone ni nani anayeitwa. Alimtazama Salah, akanitazama mimi, macho yake yakapita juu yetu wote wawili, hana chuki, hana habari. Akachutama, akalamba jiwe. Yule mtu akapiga ulimi mara mbili kama wanavyowaita ngamia, naye akainuka akamfuata, hatua kwa hatua, mpaka ncha ikaisha. Salah aliniuma mkono mpaka kwenye mfupa, alinipiga kichwa cha pua, aliita Hooyo mpaka sauti ikakauka. Sikumwachia.